Kivumbasi, mchaichai au jiranium: kipi kinafukuza mbu kweli?

Mama Shamte, Tanga
Habari za jioni wandugu. Nimehamia Chumbageni, nyumba ya kupanga yenye kiuwanja nyuma. Magharibi ikiingia tu, mbu hao. Mama mwenye nyumba ananiambia nipande mchaichai, jirani anasema kivumbasi, na muuza miche wa barabarani ananishikia jiranium "ya mbu" kwa elfu kumi. Nina mtoto wa miezi minane, dawa za kuwasha zinamkohoza. Nipande kipi, na nikipande wapi? Barazani tayari kuna vyungu vya maua vya mwenye nyumba, vyote vina sahani chini, kwa hiyo nafasi ipo.

Mgosi wa Muheza
Kivumbasi, dada. Bibi alikuwa anakata matawi mabichi, anayatupia juu ya makaa yaliyobaki jikoni, kisha anaingiza jiko chumbani kabla hatujalala. Mbu wanatoka wenyewe. Lakini kukipanda dirishani ukakaa ukingoje, hapana. Mbu wa Tanga hawasomi bango.

Bwana Afya Mstaafu
Mgosi kasema kweli, ila kwa mtoto anayekohoa moshi huo uache. Moshi ni moshi, uwe wa kivumbasi au wa dukani.

Mama Shamte, mafuta yanayomkera mbu yamefungiwa ndani ya jani. Pita kando ya shina la mchaichai lililotulia, hunusi kitu. Vunja jani moja, harufu inajaa mkononi. Mbu naye anafuata pumzi yako na jasho lako, na mmea uliosimama kimya hauna nguvu ya kuyafunika hayo. Ndiyo maana wazee walichoma, walisugua, walitwanga. Hawakupanda wakaenda kulala.

Sisemi mmea hai ni bure kabisa. Magharibi mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliweka vyungu vya mimea ya jamii ya kivumbasi na vya lantana, kichaka cha maua, kwenye vibanda vya majaribio, mbu wakapungua kama theluthi. Dar es Salaam walipanda lantana kuzunguka nyumba za watu, na matokeo yaliyotoka 2011 yalionyesha mbu wanaoingia ndani wamepungua karibu nusu. Si haba. Ila ile nusu iliyobaki ndiyo itakayokung'ata, kwa hiyo chandarua kibaki palepale.

Sasa nikuulize: hizo sahani chini ya vyungu zina maji? Mimi ningeanza hapo kabla ya kununua mche wowote. Yule mbu mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana na kueneza dengue, anataga kwenye maji safi kidogo tu kama hayo: sahani, kopo, tairi, hata makwapa ya majani ya mgomba. Joto la Tanga hili, wiki moja na siku chache yai limekuwa mbu anayeruka. Mtu anapanda mimea ya kufukuza mbu huku anawafuga chini ya chungu hichohicho! Nimeyaona sana hayo kwenye ukaguzi wa nyumba. Mwaga sahani zote, zijaze mchanga.

Wanaokuja magharibi kwa wingi, wale wenye kelele sikioni, mara nyingi wanatoka kwenye maji machafu. Kaangalie karo.

Fundi Miche
Mzee, msituharibie biashara 😀. Jiranium inanukia vizuri na watu wanaipenda, nitaendelea kuiuza. Ila mimi mwenyewe simwambii mteja kwamba itamtosha peke yake. Dada, kivumbasi usinunue, omba mbegu kwa mtu, kinaota kama magugu. Kiweke mlangoni pale mnapopita, nguo zikikigusa kinatoa harufu. Lantana ni ile yenye vishada vya maua ya njano na nyekundu. Ukiipanda ipogoe mara kwa mara, maana inavamia kiwanja, na mbuzi wasiiguse, majani yake ni sumu. Na mtu asikudanganye na pareto, lile ua la kutengenezea dawa ya wadudu. Hiyo inataka baridi ya Mbeya na Iringa, Tanga haikupi ua.

Mama Shamte
Asanteni. Sahani nimezikagua, tatu zina viluwiluwi! Nimemwaga. Karo nalo mfuniko umepasuka pembeni, nyufa inapitisha kidole. Mwenye nyumba anasema tumwagie oili chafu.

Bwana Afya Mstaafu
Oili chafu usimwage, itafika kwenye maji ya kisima cha mtu. Ufa uzibeni kwa saruji, na bomba la kutolea hewa livalisheni wavu juu. Kama ni shimo lenye maji yaliyotuama na halifuriki, kuna dawa nyingine: chembechembe za lile povu jeupe linalofungia friji. Zikielea na kufunika maji yote, mbu hapati pa kutaga na viluwiluwi havipati pumzi. Makunduchi, Unguja, walifanya hivyo kwenye vyoo vya shimo mwishoni mwa miaka ya 1980, na mbu walipungua sana. Likifurika zitasambaa mtaa mzima, kwa hiyo muulizeni kwanza fundi aliyelichimba.

Mgosi wa Muheza
Mbegu za kivumbasi ninazo, dada. Jumamosi nashuka Tanga mjini.