Amevunja PS2 yangu, mashine ya gemu, kwa nyundo ili ipimwe kilo. KWA NYUNDO!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Nikikosea herufi msinirekebishe, leo nitang'ata mtu.

Mnamjua yule mgeni wangu. Ndiyo, yule yule niliyewahi kuwalalamikia humu. Alikuja kwa wiki mbili, sasa ni mwezi wa nane na taulo langu limeshakuwa lake. Leo natoka kazini nakuta uvunguni kweupe. Namuuliza liko wapi boksi langu. Ananijibu huku anatafuna muhogo: "Lile dude? Wamepita watoto wa skrepa, nimewapa."

Lile dude! PS2, ile nene nyeusi! Niliinunua kwa kudunduliza nauli, Tandika mpaka Kariakoo nakanyaga kwa mguu hadi soli ikawa karatasi. Mashine iliyotoka Japani mwaka 2000, dunia nzima wakanunua zaidi ya milioni 150, kwake yeye ni bati.

Sasa sikieni. Mtoto wa skrepa kamwambia plastiki hapimi. Binadamu wa kawaida angesema basi, irudishe ndani. Yeye kaingia stoo, kachukua nyundo, NYUNDO YANGU, kakaa barazani kapasua ganda kama anabangua korosho, ili mzani usome chuma peke yake.

Na memori kadi ya kuhifadhia gemu ilikuwa imechomekwa! MB 8 tu, lakini ndani yake kuna Master League, ligi ya gemu la mpira la PES 6. Nilianza na kina Castolo na Minanda, wachezaji wa kubuni wasiojulikana kwao wapi, golini Ivarov, nikapigwa nne nne mpaka majirani wakanihurumia. Nikapanda nao hadi nikamsajili Adriano, yule mshambuliaji wa Brazil. Castolo alikuwa ananielewa kuliko wanangu.

Pedi ya pili ya kuchezea ilikuwa ya marehemu kaka. Mpira ulikuwa umelika pale alipokuwa anaweka kidole gumba. Hiyo siiongelei.

Angeiuza nzima ningemkimbilia yule mtoto nikaikomboa. Lakini nyundo, wakuu! Halafu nimeuliza amelipwa shilingi ngapi. Ule muhogo aliokuwa anatafuna mbele yangu ndiyo PS2 yenyewe. Na pilipili kaweka.

Kiroboto Sugu: Pole mkuu. Muhogo wa kukaanga au wa kuchemsha?

Mtoa mada: Wa kukaanga. Unacheka nini?

Mama Nanihii: Baba mzima na ndevu unamlilia Castolo. Ada za watoto umelipa?

Mtoa mada: Dada, amechukua NYUNDO.

Bichwa Maji: Afadhali wewe. Mimi kaseti yangu ya gemu la Contra bibi aliweka chini ya mguu wa kabati ili lisiyumbe. Mpaka leo iko pale, kabati limetulia. Zile kaseti zikigoma kusoma tulikuwa tunazipuliza kama tunawasha jiko la mkaa.

Kiroboto Sugu: Kodi ya siri ya Contra: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Maisha 30. Namba ya kitambulisho cha NIDA siijui kichwani, hii ninayo.

Fundi Waya: PS1 ndiyo ilikuwa mashine. Ikigoma kusoma sidii unaigeuza miguu juu, inaendelea na kazi. Nyie wa PS2 mlidekezwa.

Bichwa Maji: Ukiona umeigeuza ujue sehemu inayobeba lenzi imeshalika, fundi gani hujui hilo?

Mtoto wa Kibandani: Mnamkumbuka yule mzee wa kibanda cha gemu? Mechi shilingi mia, dakika ya 88 unaongoza, anachomoa waya eti muda umeisha. Nina wajukuu na sijamsamehe.

Fundi Waya: Yule! Na pedi nzuri alikuwa anampa mwanaye.

Mama Nanihii: Kuna mtu alikopa pasi yangu ya mkaa tangu Pasaka. Anasoma hapa. Anajijua.

Mtoto wa Kibandani: Mama Nanihii, mbona wamtaja mtu hadharani?

Mama Nanihii: Nimetaja jina? Kumbe ni wewe!

Mtoa mada: Jamani, uzi ni wa PS2.

Kiroboto Sugu: Mkuu, tulia kidogo. Kwani siku hizi skrepa kilo wanachukua bei gani? Nina friji bovu hapa.

Fundi Waya: Friji zuri hilo, lina shaba. Njoo PM. Nyundo unayo?