Miaka 11 nikiwa meneja, sasa nautamani uprofesa wa menejimenti. Walio ndani, njia ikoje?

MtuWaGhala:
Wakuu, salaam. Nimeongoza idara ya usambazaji miaka 11, MBA ninayo, umri 39. Kila nikialikwa kuzungumza chuoni wanafunzi hawataki niondoke, hadi nimeanza kufikiria kuhamia huko moja kwa moja. Uzoefu wangu utahesabika? PhD ni lazima?

ChakiMkononi:
Mkuu, usiandike kwanza barua ya kuacha kazi. Mimi nilitoka kiwandani nikijua naenda kufundisha. Kumbe darasa ndiyo sehemu nyepesi! Kinachokupandisha cheo ni makala kwenye majarida ya kitaaluma, na yale makubwa hukataa nyingi kuliko yanazochapisha. Makala yangu ya kwanza ilikataliwa na majarida mawili. La tatu liliirudisha mara tatu. Mhakiki mmoja, yaani mtaalamu anayepima makala kabla haijachapishwa, aliniandikia kurasa 9 za maoni. Tangu kuituma hadi kuchapishwa, miaka 4. Nilipoanza, binti yangu alikuwa hajui kusoma. Ilipotoka, alinisomea kichwa cha habari mwenyewe.

Zamani haikuwa hivi. Shule nyingi za biashara za Marekani zilitegemea watu wa aina yako, wanaosimulia waliyoyaona kazini. Mwaka 1959 zikatoka ripoti mbili, moja kwa fedha za Ford Foundation, nyingine za Carnegie, zikasema elimu ile ni nyepesi mno. Utafiti ukashika usukani, na kwingineko wakafuata.

Kwa hiyo PhD, ukitaka kupanda ngazi zote, ndiyo. Tenga miaka 4 hadi 6.

Ila uzoefu si bure. Henry Mintzberg, msomi wa menejimenti kutoka Kanada, kwa ajili ya tasnifu yake ya PhD, aliwafuata wakurugenzi watano, kila mmoja wiki nzima, akiandika wanachofanya. Alikuta siku zimekatwakatwa: simu, mgeni, kikao cha ghafla. Mipango mikubwa ya vitabuni haikuonekana sana. Siku hiyo wewe umeiishi. Sasa uigeuze kuwa swali, maana kisa kitamu cha ghalani hakimtishi mhakiki hata kidogo.

Mwaka_wa_Tatu:
Naunga mkono. Mimi niko kwenye PhD, takwimu ndizo zilizonitoa jasho. Tafuta msimamizi kabla ya kutafuta jina la chuo. Wangu hujibu barua pepe baada ya wiki sita.

MtuWaGhala:
Kurasa 9! Ripoti yangu ya mwaka haifiki hapo. Hakuna njia ya kufundisha tu?

ChakiMkononi:
Ipo. Vyuo vingi huajiri wenye uzoefu kwa mkataba, bila deni la makala, ila uamuzi mkubwa wa idara mara nyingi utausikia ukiwa umeshapita. Omba darasa moja la jioni, muhula mmoja, kazi yako ukiwa nayo. Na mitihani 120 usahihishe mwenyewe, usimpe msaidizi. Rundo hilo likiisha, rudi hapa tuongee habari za PhD.