Spaiki za mita 800 na 1500: nichague zipi?

RaundiYaPili
Wakuu, habari zenu. Nakimbia mita 800 na 1500, na mpaka sasa nashindana kwa raba za mazoezi. Wiki iliyopita mwenzangu wa mita 200 aliniazima spaiki zake, vile viatu vya mbio vyenye misumari chini. Raundi ya kwanza nilijiona mwepesi ajabu. Ya mwisho vigimbi vilikaza, nikamaliza nachechemea, na kesho yake kushuka ngazi ilikuwa kazi. Nataka kununua zangu. Niangalie nini? Na misumari iwe mirefu kiasi gani? Uwanja ni wa tatani, ule wa mpira.

KonaYaNne
Pole sana, mdogo wangu. Hizo zilikuwa za mtu wa mbio fupi: soli ngumu kama ubao, pua imepinda juu, kisigino hakina kitu. Anayekimbia 200 anakaa kwenye vidole mpaka mwisho. Wewe kwenye 1500 ukichoka kisigino kitashuka tu, na kisipopata mto mzigo wote unabebwa na kigimbi na kano ya kisigino. Tafuta zilizotengenezwa kwa masafa ya kati, zenye povu chini ya kisigino na bamba (ile sehemu ngumu ya soli) lisiloinua sana pua ya kiatu. Ukivaa, kidole gumba kikaribie ukuta bila kujikunja, na kisigino kisichomoke ukipanda kwenye vidole.

Ukinunua za mtumba, angalia unene wa soli. Tangu Novemba 2024 kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, zinaruhusu milimita 20 tu kwa mbio za uwanjani. Kabla ya hapo kuanzia mita 800 ilikuwa 25. Kiatu cha zamani kinaweza kukukatalia mashindano.

Misumari: kwa tatani milimita 6 inatosha kabisa. Kanuni inafika 9, ila viwanja vingi havitaki zaidi ya 6, kwa hiyo uliza kwanza. Mirefu iache kwa nyasi na udongo. Na tafadhali ifungue mara kwa mara. Yangu ya kwanza niliiacha msimu mzima, mvua na jua. Siku ya kuibadilisha vichwa vilishalika vikawa duara, ufunguo unazunguka bure, na kutu imeishika kwenye nyuzi za skrubu. Viatu vilikuwa bado vizima, nikavipoteza hivyo hivyo.

Kigimbi
Naongezea: zikifika usizikimbilie mashindanoni. Maliza mazoezi mepesi kwa raba, kisha vaa spaiki upige mita 100 mara nne kwenye nyasi, bila kukaza. Fanya hivyo wiki mbili tatu, ndipo uingie na 300 na 400. Kano ikiuma asubuhi unapotoka kitandani, rudi kwenye raba.

RaundiYaPili
Asanteni sana. Kumbe ndiyo maana. Nivae na soksi au bila?

KonaYaNne
Mimi bila, ila mshono wa ndani usikuguse. Pitisha kidole humo kabla hujalipa. Ukipenda soksi, nenda nazo unapojaribu.