Lori la Baba Linatema Maji

Jumamosi jioni

Hamisi: Shikamooni wakubwa wote. Mjomba Seif upo? Lori limenisimamisha njiani. Nilikuwa napanda mlima na mzigo, mshale wa joto ukakaribia nyekundu. Kopo la akiba la rejeta limejaa mpaka linamwagika. Nafungua kizibo niongeze maji?

Mjomba Seif: USIFUNGUE

Mjomba Seif: Hamisi umeshakigusa?

Hamisi: Bado Mjomba. Nina kitambaa mkononi.

Mjomba Seif: Weka hicho kitambaa. Zima injini ukae mbali. Maji ya humo ndani yamepita nyuzi 100, hayajachemka kwa sababu kizibo kimeyabana. Ukikilegeza tu yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Kitambaa hakizuii kitu.

Mama: Mwanangu msikilize mjomba wako. Lile kovu la mkono wa baba yenu ni la kizibo hichohicho. Mimi ndiye niliyemuuguza.

Rehema: Kaka tafadhali. Watakaosubiri mzigo wasubiri.

Hamisi: Sawa. Nimekaa chini ya mti.

Mjomba Seif: Subiri saa nzima. Kisha shika paipu kubwa ya juu ya rejeta. Ikiwa imepoa na ukiiminya inalegea, funika kizibo kwa kitambaa, zungusha hadi kituo cha kwanza, ngoja ipumue, ndipo utoe. Na maji ya baridi usiyamwage kwenye injini ya moto, hedi, kile kichwa cha juu cha injini, itapasuka.

Mjomba Seif: Wakati unangoja niambie, hili limeanza lini?

Hamisi: Kama wiki mbili. Kila asubuhi rejeta nakuta imepungua, naongeza maji ya bomba, naondoka. Jioni kopo limejaa.

Mjomba Seif: Asubuhi ukifungua boneti ile paipu ya juu inakuwaje?

Hamisi: Inakuwa imebonyea, bapa kabisa, kama imekanyagwa. Nikifungua kizibo inavuta "fyuu" halafu inajaa tena. Nilidhani ni uzee wa paipu.

Mjomba Seif: Hapo umenipa jibu nusu. Paipu haina kosa, imenyonywa.

Mjomba Seif: Sikilizeni wote mnaoliendesha hilo lori. Kizibo cha rejeta si mfuniko wa sufuria. Kina vali mbili. Ile kubwa yenye springi hubana maji hadi presha iliyoandikwa juu yake, na maji yakizidi kutanuka kwa joto huyaruhusu yaende kwenye kopo. Ile ndogo ya katikati hufunguka injini ikipoa, maji yakajikunja, rejeta ikayavuta kutoka kwenye kopo yarudi. Ndogo ikiganda, maji yanakwenda lakini hayarudi. Rejeta inabaki na njaa, inanyonya paipu yake yenyewe. Wewe asubuhi unaijaza, jioni inatema tena kwenye kopo ambalo halijawahi kupungua. Lazima limwagike.

Rehema: Kumbe anaongeza maji na ndiyo yanayomwagika!

Idi: Shikamoo Mjomba. Mimi niliambiwa gereji nitoe thamostati kabisa, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto, gari halitachemsha tena.

Mjomba Seif: Marahaba Idi. Usimpe mwenzio ushauri huo. Injini isiyo na thamostati inachelewa kupata joto, inakunywa dizeli na kulika ndani. Ukiishuku, itoe, itumbukize kwenye maji na uyapashe moto. Kama imegongwa namba 82, ianze kufunguka karibu na nyuzi hizo. Isipofunguka nunua nyingine. Isipokuwepo hujatibu kitu, umeficha ugonjwa.

Hamisi: Mjomba hofu yangu ni gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya hedi na injini. Kopo likijaa watu wote wanasema gasketi imeungua.

Mjomba Seif: Inawezekana, na hatukisii. Kesho asubuhi injini ikiwa baridi tutaipima. Leo ikishapoa jaza rejeta, punguza maji ya kopo, uje taratibu bila mzigo. Macho kwenye mshale. Mshale ukipanda, simama.

Jumapili asubuhi

Hamisi: Shikamoo Mjomba. Nimefika salama jana usiku. Sasa injini ni baridi, paipu imebonyea kama kawaida.

Mjomba Seif: Marahaba. Toa kizibo, jaza rejeta hadi shingoni, washa injini bila kizibo, tazama mdomoni. Mapovu yasiyokatika, yenye harufu ya ekzosi, ni gasketi. Chomoa na kijiti cha oili.

Hamisi: [video]

Hamisi: Povu mbili tatu mwanzoni kisha kimya. Oili safi, haijawa nyeupe. Moshi wa kawaida.

Mjomba Seif: Alhamdulillahi. Hayo machache ni hewa iliyokwama. Sasa nipigie picha kizibo kwa chini, karibu kabisa.

Hamisi: [picha]

Mjomba Seif: Unaona kile kisahani kidogo cha katikati? Kivute kwa kucha.

Hamisi: Hakivutiki. Kimeshikwa na kutu ya rangi ya matofali. Na raba ya pembeni imekauka, ina nyufa.

Mjomba Seif: Ndiye huyo. Maji ya bomba matupu ndiyo huleta kutu ya namna hiyo. Kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, si rangi tu, ina dawa ya kuzuia kutu, na wewe umeizimua wiki mbili nzima. Kizibo kipya kiwe na namba ileile. Cha zamani kimeandikwa ngapi?

Hamisi: 0.9

Mjomba Seif: Basi 0.9. Usichukue kikubwa zaidi ukidhani ndiyo imara, rejeta ya umri huo itapasuka kwenye maungio. Kipaipu cha kwenda kwenye kopo kipulize kwa mdomo kikiwa kimetolewa pande zote mbili, hewa ipite. Ncha yake izame ndani ya maji ya kopo, la sivyo kitavuta hewa. Halafu mwaga maji yote, jaza kulanti nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Fungua hita, acha injini ingurume, ongeza kila yakishuka.

Mama: Hayo ya kumwaga yakinge kwenye ndoo. Wajukuu wanacheza hapo uani.

Mjomba Seif: Dada umesema la maana. Kulanti ina utamu na ni sumu. Mtoto au paka akilamba inaua figo. Dimbwi la jana lioshwe pia, kwa maji mengi.

Rehema: Naosha sasa hivi. Watoto nimewaingiza ndani.

Jumanne asubuhi

Hamisi: [picha]

Hamisi: Mjomba jana nimepanda mlima uleule na mzigo. Mshale haukuvuka katikati. Kopo lilipanda kidogo jioni, leo limerudi kwenye mstari wa chini kabisa nilipoliacha. Paipu ya juu ni mviringo. Nimeifungulia boneti mara mbili kuitazama.

Mjomba Seif: Usiongeze chochote leo. Angalia tena kesho kabla ya kuwasha.

Mama: Baba yenu anauliza kizibo cha zamani kiko wapi, anataka kukiona.