Kikundi cha ukoo: Nani alikuzuia, Juma?

Mariamu: Shikamooni wote. Nataka mjue kaka Juma kafanya nini leo. Kuna mama kakosea tarakimu moja, laki nne na elfu ishirini zikaingia kwenye simu ya kaka. Kazirudisha zote, na makato kalipa yeye.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Mashaallah! Juma baba, Mungu akuzidishie.

Mjomba Daudi: Hongera sana mjomba. Siku hizi wengi wanazima simu tu.

Juma: Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Zilikuwa hela za mwenyewe, nisingeweza kukaa nazo.

Shangazi Rehema: Marahaba. Sasa nikuulize, na usinikasirikie. Mwaka wa pili huu hata Ijumaa huendi. Kwenye msiba wa babu yako ulisema mbele yangu kwamba hujui tena kama Mungu yupo. Nililia siku ile. Leo nani alikuzuia usizitoe zile hela?

Juma: Siwezi kukukasirikia shangazi. Yule mama alipiga simu, akashindwa kusema. Nasikia tu mtoto nyuma yake anauliza, "Mama, zimerudi?" Sikuwaza pepo wala moto. Niliona nikizitoa nimemwibia, basi.

Shangazi Rehema: Na kama asingepiga? Au angekuwa mtu usiyempenda? Huruma hujaa na kupwa mwanangu. Amri ya Mungu haipwi.

Mariamu: Hapo shangazi kasema kweli. Wodini nikichoka, huruma naitafuta siioni.

Juma: Ba'mdogo Athumani, nakuona uko hewani. Shikamoo. Nisaidie: wizi ni mbaya kwa sababu Mungu kaukataza, au kaukataza kwa sababu ni mbaya?

Ba'mdogo Athumani: Marahaba. Nimetoka kusalisha Isha sasa hivi, ngoja nikae.

Mjomba Daudi: Wakati ustadhi anakaa: swali hilo tulilikuta chuo cha Biblia, kwa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Mwalimu wake Sokrates ameshtakiwa, yuko nje ya mahakama Athens. Anakutana na Euthyphro, anayekwenda kumshtaki baba yake mzazi kwa mauaji, tena ana uhakika kabisa kwamba miungu inataka hivyo. Sokrates akamuuliza: kitu kitakatifu kinapendwa na miungu kwa kuwa ni kitakatifu, au ni kitakatifu kwa kuwa kinapendwa? Yule bwana alizunguka, mwisho akasema ana haraka, akaondoka.

Ba'mdogo Athumani: Na sisi wanazuoni wetu wa zamani waligombana Basra, Iraki, kwa jambo hilohilo. Kundi moja lao, Muutazila, walisema akili ya mtu inatambua jema na baya hata kabla ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Abul-Hasan Al-Ash'ari alikuwa mwenzao, mwanafunzi wa Al-Jubbai, hadi alipokaribia miaka 40 akaachana nao. Kwake yeye jema ni lile Mungu aliloliamuru, na baya ni lile alilolikataza. Hakuna kipimo kilichokaa juu ya Mungu kikimhukumu. Samarkand naye mwanazuoni Al-Maturidi akasema akili inatambua, ila peke yake haitoshi.

Shangazi Rehema: Mimi niko na Al-Ash'ari.

Ba'mdogo Athumani: Ndiye niliyesomeshwa na ndiye ninayemsomesha, dada. Lakini kuna kisa kimoja hakijaniacha tangu nikiwa kijana. Makka, kabla ya Utume. Mfanyabiashara wa Zabid, Yemen, kauza mali yake kwa Al-As bin Wail. Al-As kachukua mali, hataki kulipa. Mgeni yule hana ukoo pale, hana wa kumtetea. Akapanda jabali la Abu Qubais, akalia kwa mashairi Makureshi wakimsikia. Wakakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakaapa kusimama na aliyedhulumiwa hadi apate haki yake. Ndiyo Hilful-Fudhul. Mtume (s.a.w.) alikuwepo, kijana, Qur'ani bado haijashuka hata aya moja. Na baadaye alisema angeitwa kwenye kiapo kile katika Uislamu, angeitika.

Ba'mdogo Athumani: Sasa wale watu waliosimama mle ndani, nani aliwaamuru?

Juma: Hicho ndicho nilichokuwa nashindwa kukisema ba'mdogo.

Shangazi Rehema: Mungu ndiye aliyewaumba na nyoyo zile.

Mjomba Daudi: Paulo naye anasema hivyo kwa Warumi, sura ya pili: mataifa wasio na sheria, sheria imeandikwa mioyoni mwao. Na Ibrahimu alipoambiwa habari za Sodoma alimwuliza Mungu, wewe uhukumuye dunia yote hutatenda haki? Akabembeleza kutoka wenye haki 50 hadi 10. Asingethubutu kama haki ingekuwa chochote atakachosema Mungu. Imani yangu mimi, Mungu mwenyewe ni wema. Hakuubuni, na haukumtangulia.

Juma: Shangazi, kwa heshima. Ungeamriwa kula mali ya yatima ungekula?

Shangazi Rehema: Mungu haamrishi hayo!

Juma: Umejuaje?

*(dakika kumi na mbili kimya)*

Ba'mdogo Athumani: Usimbane shangazi yako. Ila aya ipo, Al-A'raf 28. Walikuwa wakifanya uchafu wakisema Mungu katuamrisha. Wakajibiwa: Mwenyezi Mungu haamrishi machafu. Kuna wanazuoni waliosema jibu hilo linasimama tu kama msikilizaji anaujua uchafu tayari. Mimi nalala nalo hilo.

Shangazi Rehema: Nilikuwa jikoni. Juma, nimejua kwa sababu namjua, kama nilivyomjua marehemu mume wangu. Ukiniambia kampiga mtoto wa watu, nitakwambia si yeye.

Shangazi Rehema: Lakini nawe nisikilize. Nikiwa eda nilikuta daftari lake. Kuna tajiri wa vitambaa alikuwa anamdai elfu sitini. Hakuna ajuaye ila mimi na lile daftari. Watoto watatu, debe la unga liko chini kabisa. Na yule tajiri hakuja hata mazikoni! Huruma kwake sikuwa nayo hata chembe. Moyo wangu uliniambia lichome jikoni. Kilichonishika ni kile tulichofundishwa, kwamba roho ya muumini hutundikwa kwa deni lake hadi lilipwe. Nililipa kwa miezi kumi na moja, maandazi kwa maandazi. Usiniambie amri si kitu.

Juma: Sisemi si kitu shangazi. Ningekuwa na njaa ile sijui ningefanya nini. Nasema tu deni lilikuwa deni, hata kama fundisho lile lisingekufikia.

Shangazi Rehema: Labda. Mimi lakini nisingelilipa.

Mariamu: Shangazi, yule tajiri alisemaje ulipomalizia?

Shangazi Rehema: Tangu siku ya kwanza alisema hakumbuki deni lolote. Nikamfungulia daftari nikamwonyesha mwandiko.

Juma: Lipo bado?

Shangazi Rehema: Lipo kabatini, chini ya kanga. Njoo Jumapili ulione.

Juma: Nakuja.