Mrejesho: igizo letu la wakimbizi na wahamiaji

Habari zenu wakuu. Niliomba ushauri namna ya kutunga igizo kutokana na visa vya wakimbizi bila kuwatonesha vidonda wenye visa. Wengi mlinielekeza kwa Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo Mbrazili aliyekwenda uhamishoni mwaka 1971, na mbinu yake ya kusimamisha igizo ili mtazamaji apande jukwaani kubadili mambo.

Tumeifanya. Hakuna aliyeigiza maisha yake. Tulichanganya visa vya watu kadhaa tukapata mhusika wa kubuni, mama anayehojiwa kuhusu ombi lake la hifadhi. Mzee mmoja aliyekuwa kimya mazoezi yote akaomba kuwa afisa anayehoji. Aliiga ile sauti ya uchovu, tarehe ileile inaulizwa kwa kuzungushwa, mpaka ukumbi ukacheka. Sikutegemea kicheko pale! Tuliporudia, mtazamaji mmoja akapanda kudai mkalimani mwingine, binti mmoja akakataa kutia saini karatasi asiyoielewa. (Hilo la mkalimani lilizua mjadala mrefu kuliko igizo lenyewe.)

Lugha haikusumbua sana. Kilichosumbua ni kurekodi: wapo ambao maombi yao bado yanashughulikiwa na wengine wana ndugu walikotoka, kwa hiyo tukapiga marufuku picha. Mfadhili mmoja alinuna. Acha anune.

Kuhusu mbinu nyingine, ile ya Jonathan Fox na Jo Salas iliyoanza mwaka 1975 (Playback Theatre), ambapo mtazamaji anasimulia kisa chake na waigizaji wanakiigiza papo hapo, kikundi kimegawanyika kama tuijaribu au la. Mimi naona bado mapema.