Waandaaji wa "usiku wa hadithi" hapa Dar, mnatuibia hela na mnawadhalilisha wasimuliaji

Wakuu salaam. Naomba mnivumilie leo maana nimechefukwa kweli. Hizi shoo za hadithi zinazotangazwa kila kukicha hapa mjini zimekuwa dharau tupu na watu tunanyamaza, tunaposti picha tumependeza, yanaisha.

Bango la shoo niliyoenda linasema saa 1 kamili jioni, kiingilio elfu 20. Watu tumetoka makazini, wengine Mbagala, wengine Kimara huko, tumepambana na foleni ili tuwahi, tunafika ukumbini mafundi ndo kwanza wanavuta nyaya na kujaribu maiki. Saa 1 ikapita, saa 2 ikapita, karibu saa 3 MC ndo anapanda na hata akipanda hadithi haianzi, anataja wadhamini, anasalimia meza moja moja, anauliza nani ana bethdei, anaita watu wakate mauno. Msimuliaji wa kwanza kashika maiki saa 3 na nusu usiku. Sasa mtu anayetegemea mwendokasi kurudi Kimara atasikiliza nini hapo? Waliokuja kwa ajili ya hadithi ndo walianza kuondoka, wakabaki waliokuja kunywa.

Na sina shida na anayekunywa, baa zimejaa Sinza nzima na anayetaka muziki mkubwa anajua pa kwenda. Ila nyie mmetangaza hadithi, mmechukua hela ya hadithi, halafu meza zote za mbele mmewauzia watu wa chupa kubwa ambao wamelipa ili waonekane, wanapiga stori zao kwa sauti huku wameupa mgongo jukwaa, na sisi wa kusikiliza tumepangwa nyuma kule karibu na kaunta, mhudumu akifungua kreti hapo hapo husikii neno.

Kilichoniuma kuliko vyote ni bibi mmoja wa Kizaramo walompandisha wa tatu. Kavaa khanga zake, hana karatasi, hana simu mkononi. Akasema Paukwa! wakaitika watu wachache, akarudia mpaka ukumbi ukaitika Pakawa, akaanza "kaondokea chanjagaa kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana Siti vijino kama chikichi", nawaambia mama mmoja jirani yangu alikuwa anaitamka yote naye, midomo inacheza, macho yamemjaa machozi. Hadithi yenyewe ina wimbo, bibi anaimba tunapokea, hata zile meza za mbele zikaanza kunyamaza. Ikafika pale binti kasimama mlangoni hajui aingie au akimbie, bibi akanyamaza. Kanyamaza makusudi jamani, anayejua hadithi anajua pale ndo penyewe, unaachwa uning'inie kidogo. DJ akaona kimya akadhani kamaliza, AKAPIGA AMAPIANO. Spika zote. MC akaruka jukwaani "mpigieni makofi bibi yetu!" akampokonya maiki, bibi kabaki anaangalia huku na huku. Hadithi haikuisha. Mpaka leo sijui yule binti aliingia au hakuingia, na hakuna hata mtu mmoja wa ile kamati aliyeenda kumwambia bibi samahani.

Mimi nimekua na kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, wengi humu pia. Debora Mwenda alikuwa anasoma hadithi redioni, hakuna taa za rangi wala moshi wa jukwaani, ni sauti tu na mtoto uko kimya na hutaki mtu apite mbele ya redio. Yaani kinachotakiwa ni sauti isikike na watu wasikilize, basi! Hela mnayoweka kwenye mataa wekeni kwenye maiki nzuri.

Nilipomfuata mmoja wa waandaaji akanijibu eti "ndo zinavyofanyika mbele". Mbele wapi? The Moth, taasisi ya New York inayoandaa usiku wa hadithi, ipo tangu 1997 na ndo wengi wenu mnaiga, kwenye mashindano yao majina yanachotwa kwenye kofia, msimuliaji ana dakika 5, anasimulia kisa cha kweli bila kusoma popote, na majaji wanatoka kwa wasikilizaji wenyewe. Watu wanakunywa vile vile ila kinachoendesha usiku ni kisa. Au angalieni Marrakech, Morocco, pale Jemaa el-Fnaa, uwanja wa wazi kabisa, kelele za soko kila upande, lakini kwa jadi ya pale msimuliaji ana duara lake na waliomzunguka wamekuja kumsikia yeye. Nyie mna ukumbi wenye milango na mmeshindwa kufunga mlango.

Halafu malipo. Wakati natoka nilimkuta yule bibi getini na mjukuu wake wanasubiri "mtu wa hela" atoke ndani wapate nauli, saa 6 usiku hiyo! DJ kashalipwa advansi, MC kashalipwa, mwenye hadithi anasubiri getini. Nilimpa shikamoo nikashindwa hata niseme nini.

Najua waandaaji mnapita humu, njooni mjibu. Anzeni saa mliyoandika. Wanaotaka kuongea wapeni meza za nje. DJ asiguse kitu mpaka msimuliaji mwenyewe ateremke, na msimuliaji alipwe KABLA hajapanda. Nimeomba hela yangu nikaambiwa kiingilio hakirudishwi, sawa, basi mrudisheni yule bibi, mumpe saa nzima na ukumbi uliotulia amalizie hadithi yake, nami nitalipa tena hiyo elfu 20.

Na wewe mdau unayejua sehemu hapa Dar wanafanya hivi vitu kwa heshima weka hapo chini, iwe Mikocheni, Upanga, hata uswahilini kabisa kwenye baraza la mtu, tutakuja.